Mabeki Wawili wa Vale de Sobro

Jumatatu, 6 Mei 2019

Magoti yamevimba kama mikate. Nimeyawekea barafu tangu asubuhi. Graciete anapita na kikapu cha nguo, ananitazama, hasemi kitu. Mke wangu akinyamaza hivyo, ujue anasema.

Jana tumefungwa tena ugenini. Moja bila. Bao la kuotea — naapa! — lakini mshika kibendera alikuwa akitazama ndege. Imebaki mechi moja, Jumapili, nyumbani. Tukitoka sare tunabaki kwenye ligi hii. Tukifungwa tunashuka daraja, na Desportivo yetu inarudi kwenye viwanja vya vumbi nilikoanzia.

Halafu natundika daluga. Miaka thelathini na sita, beki wa kati, jezi namba tano. Inatosha. Kuliandika neno hilo ni rahisi kuliko kulitamka mbele ya wenzangu.

Jioni simu. Ludovina, mke wa Fausto Quintela. Fausto! Jezi namba nne, nahodha wangu, mwenzangu wa ukuta misimu yote ile ya kaskazini. Hajafika hamsini na tayari akili inamhama. Nilikuwa nimesikia. Kusikia si sawa na kuambiwa na mkewe.

"Shemeji," anasema, "kila Jumapili anafunga begi, anakaa mlangoni kungoja basi la timu. Jumapili hii niache nimlete kwenu. Labda akiuona uwanja atatulia."

Nikasema mlete. Nilisema haraka mno.

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi mepesi. Nélio, kijana anayengojea namba yangu, kanipiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yangu. Uwanja mzima ukalipuka.

"Babu, funga mlango, kuna baridi!"

Nikacheka nao. Custódio, mtunza vifaa wetu, ananijua tangu sina ndevu. Akanong'ona, "Zamani ungemla huyu, Mino."

"Bila chumvi," nikamjibu.

Lakini nilicheka kweli. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda mjini Évora kumwona Fausto kabla ya Jumapili. Sikutaka nimwone hivyo kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Kifua kile kile, kama kabati. "Mdogo wangu! Umekonda. Huyo Graciete anakulisha maji?" Nikafurahi — nikadhani watu wametia chumvi. Kisha akauliza, "Jumapili tunacheza na nani?" Nikamjibu. Tukanywa kahawa. Akauliza, "Jumapili tunacheza na nani?"

Akanivuta uani. Anataka kunionyesha kosa langu la mechi iliyopita. Ipi? Sikuuliza. Akanisimamisha kando ya bomba, akanisukuma nyonga. "Nusu hatua, Mino. Ukimtazama straika machoni umekwisha. Tazama kiuno. Macho yanadanganya, kiuno hakijui kudanganya." Halafu akanyoosha mkono na kupiga ile sauti yake ya kuwatoa mabeki kwa mtego wa kuotea: "Tokaaa!"

Kuku wa Ludovina walitoka kweli. Mstari mmoja, hadi ukutani. Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Hapo alikuwa mzima. Nasema hapo tu, uani, katikati ya kuku, alikuwa Fausto mzima.

Tulipokuwa tunarudi ndani akaniuliza, "Mzee Jacinto bado anaimba?"

Baba yangu. Fausto mwenyewe alibeba jeneza, upande wa kushoto, mvua inanyesha.

"Bado anaimba," nikasema.

"Safi. Mwambie Jumapili ninataka kumsikia."

Jikoni Ludovina alikuwa akikatakata giligilani, hakuinua uso. Daktari anasema ni mipira ya kichwa, akaniambia. Yote ile, miaka yote ile. Hawezi kuapa, lakini ndivyo anavyoona. Kisha, polepole: "Na wewe shemeji? Wewe umepiga mingapi?"

Alinipa supu ya mkate na yai. Nilikula yote. Sikuionja.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Mazoezi yameahirishwa. Nimekaa dirishani na mambo ya kale yamenijia, sikuyaita.

Baba alikuwa mchuna magome ya mialoni, yale ya kutengenezea vizibo. Kazi ya shoka, kiangazi, na shoka likizama kidogo tu umeua mti. Alinifundisha. Nilikuwa na mkono mwepesi. Kisha ikaja sikukuu ya kijiji, ikapigwa mechi ya waliooa na wasiooa, na Fausto alikuwa likizo — Fausto wa ligi kuu, mtoto wa hapa hapa, kila mtu anamnunulia mvinyo. Alisimama kando ya goli na sahani yake ya konokono akinitazama. Baada ya mechi akamwendea Baba.

"Mzee, huyu nipe."

"Huyu ana mkono wa shoka," Baba akasema.

"Mkono kaa nao. Mimi nimempendea kichwa."

Ndivyo alivyosema. Tulilirudia neno hilo miaka yote kama mzaha.

Kaskazini, kwenye timu yake! Baridi inayoingia hadi kwenye meno. Mechi yangu ya kwanza winga mmoja akanipiga kanzu, mashabiki wakashangilia, nami nikabaki nautazama mpira hewani kama mtu anayetafuta mwezi. Fausto akauwahi, akautupa jukwaani, akarudi kwangu. Nilidhani atanitukana. "Ukipigwa kanzu usitazame juu," akasema. "Kimbia. Aibu utaiona ukifika nyumbani." Sijawahi kupata somo jingine lililonifaa kuliko hilo, uwanjani wala nje.

Niliitwa timu ya taifa mara moja. Nilikaa benchi, sikuingia. Mama alialika mtaa mzima mbele ya televisheni. Kamera ikapita benchini mbio, Mama akaruka: "Sikio lake! Lile ni sikio lake!" Mpaka leo wazee wa hapa wananiita Sikio la Taifa.

Na fainali ya Kombe, pale uwanja wa taifa wa Jamor, nje ya Lisbon. Kijiji kizima kilishuka kwa mabasi. Makaa chini ya misonobari, nguruwe wa kuchoma, madumu ya mvinyo, na Baba na wenzake wa kwaya wameshikana mabega wakiimba polepole, wimbo mzito wa huku kwetu, hadi watu wa timu nyingine wakavua kofia. Tulifungwa dakika za nyongeza. Mpira wa juu. Mimi na Fausto tuliruka pamoja, tukagongana sisi kwa sisi, straika akapita katikati. Fausto alikaa kwenye majani akalia kama mtoto. Sikuwa nimemwona akilia. Nikakaa naye.

Mtu akiniambia chagua siku moja urudishiwe, nitachagua hiyo. Tulifungwa, ndiyo. Nirudishieni tu.

Baadaye yeye Romania, mimi Saiprasi. Salamu za Krismasi. Maisha.

Ijumaa, 10 Mei

Graciete amesema. Alisubiri nimalize kula, ndivyo alivyo.

Ya Machi hajayasahau. Wala mimi. Niligongana na straika mmoja kichwa kwa kichwa, nikazinduka kwenye machela nikiuliza kama tumeshinda. Daktari bingwa wa Lisbon alipiga picha, akasema hakuna kilichovunjika. Akavua miwani: "Ungekuwa ndugu yangu, usingeruka tena." Daktari wa timu akasema niko sawa. Nilichagua wa kumsikiliza.

"Nilimwona Fausto sokoni, mwezi uliopita," Graciete akasema. "Akanisalimia kwa jina la mama yangu. Sikukwambia."

Nikamwambia ni mechi moja tu. Dakika tisini, basi.

"Sikukatazi. Nilikupata ukiwa beki, siwezi kukulilia kwa kuwa beki. Lakini mimi si Ludovina, Mino. Yule ana moyo wa chuma. Mimi nikiulizwa 'wewe mwanamke ni nani' na mume wangu, nitakufa pale pale."

Alikusanya sahani. Nikamfuata jikoni nimsaidie kukausha. Sikuahidi kitu. Timu inanihitaji — hilo si uongo. Na mimi naihitaji Jumapili hiyo, hilo nalo si uongo, ila huwezi kumwambia mtu hilo.

Jumamosi, 11 Mei

Mwalimu Piçarra ametangaza kikosi. Naanza, na kitambaa cha unahodha. Vijana wakapiga makofi. Wameniletea keki, ingawa sijawaambia kitu; wamejua wenyewe. Mwokaji ameandika "Asante, Nino". Nélio kaona haya, kalamba ile N ya mwanzo haraka haraka kabla sijaiona. Niliiona. Mtoto mzuri yule.

Nimepaka daluga mafuta. Sitaki kulala, nataka kesho isogee kidogo.

Jumapili, 12 Mei — mapumziko

Naandika juu ya karatasi niliyoomba getini, nitaibandika baadaye. Mikono inataka kazi. Niko jukwaani. Bila bila. Niko jukwaani!

Ilivyokuwa. Ludovina alimleta mapema. Watu wakamkumbatia, akawakumbatia, hakumjua hata mmoja, hakuna aliyejali. Nikaenda kupasha misuli. Niliporudi chumba cha kubadilishia nguo, kelele zote zimekufa. Vijana wamesimama ukutani. Fausto amekaa kwenye kona, amevaa. Soksi zimevutwa vizuri, vilinda ugoko ndani, jezi namba nne ya zamani imembana tumboni.

Custódio machozi yanamlengalenga. "Aliniomba jezi yake. Ningemjibuje, Mino?"

Fausto akaniona. "Mdogo wangu! Kwa uchelewaji huu hata mazishi yako utayakosa. Vaa!"

Mwamuzi kagonga mlango. Mwalimu kanisogelea: mwambie wewe, mimi siwezi. Ludovina akaingia, akamshika bega kwa upole. "Twende tukakae juu, mpenzi."

Akaukung'uta mkono wake. Ile sura ya nahodha, ile iliyokuwa inawafanya marefa warudi nyuma. "Nani huyu mwanamke anayenitoa kwenye timu? Mtoeni!"

Ludovina hakulia. Alirudi nyuma tu, akasimama mlangoni, ameshika koti la baridi la mumewe kwa mikono miwili.

Nilichuchumaa mbele ya Fausto. Nilikuwa na maneno tayari: Fausto, umeshastaafu, zamani sana. Nikamtazama. Maneno hayo hayawezi kuambiwa mtu aliyevaa soksi vizuri namna ile.

"Mwalimu ametupumzisha," nikasema. "Sisi wawili. Leo vijana."

Akakunja uso. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Hakika?"

Nikavua kitambaa, nikampa Nélio. Alikipokea kama kinaunguza. Mwalimu Piçarra alifungua mdomo, akaufunga, akamwendea mwamuzi kurekebisha karatasi: Nélio anaanza, mimi akiba. Fausto akafikiri. Kisha akainuka, akampa mwalimu mkono. "Wewe ndiye unayejua, mwalimu. Mwenye timu ni wewe." Akachukua koti kwa Ludovina, akasema asante sana, mama.

Basi tumekaa. Yeye kulia kwangu. Ludovina pembeni yake, Graciete safu ya nyuma. Mwalimu amenikubalia nikae huku badala ya benchi, mwamuzi amejifanya haoni. Kipindi chote Fausto ananisemea sikioni. "Yule asimfuate winga, atavutwa… ona! … Kipa amesimama vibaya, mwambie." Kila alichosema kikatokea. Wageni wamegonga mwamba mara mbili. Nélio anajitahidi, jamani, anajitahidi, lakini anaruka mapema, na wao wameshajua — kila mpira wanautupa juu yake. Nilikuwa nauona kila mmoja ukija na shingo yangu inakakamaa yenyewe.

Sasa Custódio amepanda ngazi, anahema. Nélio kaumia kifundo. Jina langu bado limo. "Mwalimu anasema hakulazimishi. Anauliza tu. Lakini Mino… tukifungwa tumekwisha."

Graciete amemenya chungwa, amelishika, halili. Sikugeuka zaidi ya hapo.

Nikamwambia Custódio ngoja.

Kisha Fausto: "Mino." Sauti nyingine kabisa. Nikamtazama, na alikuwa yeye. Alikuwa akiitazama jezi inayochungulia kwenye koti lake, akaivuta kidogo, akaiachia. Akamtazama Ludovina, muda mrefu.

"Wewe hukupumzishwa," akaniambia.

Naandika ili nisimjibu. Timu zinarudi uwanjani, watu wanasimama, Custódio bado yuko ngazini.

"Nenda," Fausto anasema. "Wanakuita. Nenda, mdogo wangu."

Lakini kanishika mkono wa kushoto, kwa nguvu zote, na haachii —