Herufi Zako kwenye Daftari la Mvua

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikanyanyua kalamu, kama vile nasubiri uitikie. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ya kuvuta, hata penseli ikiwa mdomoni.

Niko nyumbani Ntobeye, nimekaa kwenye kigoda karibu na migomba, na kutoka hapa nauona msalaba wako. Mama anadhani naandika barua ya kuomba kazi. Sijamwambia ukweli. Huo nao ni uongo, lakini ni mdogo kuliko ule ninaotaka kukueleza.

Kwanza nikupe habari za kituo chetu cha hali ya hewa. Mama Koku bado ndiye mkuu, bado anavua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni. Deo bado yuko kwenye redio, anapiga kelele "Ngara inaita! Ngara inaita!" utadhani anaita ng'ombe aliyevuka mto. Kazi yako ya kupima mvua amepewa mzee mmoja kutoka Nyabusozi, mpole, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Anapima vizuri, Mjomba. Anapiga magoti mpaka jicho lake lilingane na maji kwenye silinda, kama ulivyonifundisha. Wiki nzima nilimchukia kwa sababu hiyo, maskini, hajui kosa lake.

Uzio bado una pengo upande wa barabarani. Nguzo zilizotolewa kwa ajili ya kuni hazijarudishwa, na wakimbizi wa kambini wanaokwenda kutafuta kuni bado wanakatiza hapo. Nalitaja pengo hilo kwa sababu ndipo mambo yangu yalipoanzia.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka kituoni? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mama amechoka kuniona nimejificha jikoni kila wageni wakija. Ukamwambia, "Nipe huyu Bibi Kimya. Vipimo vyangu havipigi kelele, watapatana." Ukanitembeza. Ukasema, "Hapa kila mtu ana kazi yake, Skola. Mama Koku anaweka saini na kujibu wakubwa wakiuliza. Deo anapeleka namba, hatazami mbingu, anatazama daftari. Wanaotabiri wako mbali huko, wamekaa kwenye viti vyenye mito. Mimi kazi yangu ni kutazama tu. Mtazamaji hakisii."

Nikakuuliza, kwa sauti ile uliyokuwa unasema ni ya panya, mtazamaji akishindwa kutazama anafanya nini.

"Anapiga mstari. Anaandika haikupimwa, anaweka herufi za jina lake. Mstari si aibu."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu la shule. Ninalo hapa. Mwandiko ni mzuri kabisa. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Asubuhi ile Mama Koku alikuwa Bukoba kwenye kikao. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake jioni, na wewe ulikuwa kwenye nyumba ya watumishi, unatetemeka kwa malaria mpaka kitanda kinalia. Ulinipa ufunguo wa lango. "Saa tatu kamili ukapime. Umepima mbele yangu mara nyingi, leo nitakutazama kwa masikio." Ulicheka, ukakohoa.

Mjomba, nilifika saa tatu kamili. Hilo ni kweli. Nikakuta mwanamke ndani ya uzio, amechuchumaa kwenye kipima mvua. Alikuwa ameinua faneli inayokinga mvua, ametoa chupa iliyo chini yake, na anamwosha mtoto wake kwa yale maji. Mtoto alikuwa anaharisha, miguu yake myembamba kama vijiti. Kitambaa alichokuwa amemfungia kilikuwa kimechafuka chote.

Nilipaswa kusema. Hata "mama, hayo maji yana kazi" ingetosha. Tunaelewana nao, Kihangaza chetu na Kirundi chao havipishani sana. Lakini nilisimama tu na ufunguo mkononi. Alipogeuka akaniona, aliogopa kuliko mimi. Akanirudishia chupa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mbabarira, mwana wanje." Ananiomba msamaha, mimi ambaye sijafanya lolote. Kisha akapita pengoni na mtoto wake.

Chini ya chupa kulikuwa na maji kidogo. Nikayamimina kwenye silinda. Nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, nikaweka jicho sawasawa, nikayapima. Nilifanya kila kitu kama ulivyonifundisha, ila kwa maji yaliyobaki. Moyoni nikajiambia kwamba sidanganyi, ninaandika ninachokiona. Nilijua. Magoti yangu yalikuwa ndani ya maji, Mjomba, na mimi naandika mvua ya manyunyu.

Kisha kalamu ikafika kwenye kile chumba cha mwisho, cha herufi za mpimaji. Zangu hazikuwa na ruhusa kuwa pale. Ningepiga mstari, Mama Koku angerudi na kuuliza kwa nini, na ningelazimika kusimama mbele ya meza yake nieleze habari za mwanamke, na pengo, na ufunguo, na watu wananitazama. Nikaandika B.N. Niliiga mpaka ule mkia wa B yako.

Deo alikuja akakopi ile namba, hakutazama hata nje. Watu wa barabara walipopiga simu kuuliza kama mvua imezidi kiasi, akawajibu, "Manyunyu tu, fungueni." Wakanyanyua kizuizi wanachofungia barabara mvua ikizidi. Malori ya mahindi ya kambini yakaingia kwenye udongo uliolowa, na la mbele likateleza kwenye kona ya mteremko, likalala ubavu mtaroni. Dereva alivunjika mkono. Mahindi yalimwagika kwenye tope, na yale malori mengine yakakwama nyuma yake mpaka barabara ilipokauka. Kambini walisubiri chakula siku kadhaa.

Yule mwanamke alisubiri pia. Kila nikila ugali namwona anavyonipa ile chupa kwa mikono miwili.

Mama Koku aliporudi alikwenda kutazama ile kona mwenyewe, akarudi na tope mpaka magotini. Aliweka daftari mezani, mimi nikiwa nammiminia chai. Akakuita. Ulikuja umejifunga blanketi.

"Batholomeo, nani alipima siku hii?"

Ulitazama ukurasa. Ulitazama ule mkia wa B kwa muda mrefu. Hukunitazama mimi hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba umejua.

"Herufi ni zangu, Mama."

Hukudanganya hata hapo. Mimi niliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani.

Alikupa barua ya onyo na akakutoa kwenye vipimo. Ukapewa fyekeo na majani ya kituo. Miaka yote ile umepiga magoti kwenye hicho kipima mvua, sasa unafyeka kukizunguka na huruhusiwi kukifungua. Deo akakutania, "Mzee, siku hizi unapima majani?" Ukamjibu, "Ndiyo, na leo yamezidi kiasi, funga mdomo." Watu wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia, halafu nikanawa uso ili usione.

Siku moja tu uligusia. Uliegemea mpini wa fyekeo, ukasema, "Skola, siku ukiwa tayari, mimi nipo." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba," nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Halafu homa ikarudi, na safari hii haikutoka. Pale hospitali nilikaa nawe siku nne. Kila asubuhi uliniuliza, "Leo wamepata ngapi?" nami nilikuwa nimepitia kituoni, nakutajia namba, unafumba macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Siku ya mwisho tulikuwa peke yetu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amepelekwa kuoshwa. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo nikiwa na maneno yote. Yakatoka mengine: "Mjomba, utakunywa uji?"

Ulisema, "Kidogo."

Nilidhani kuna kesho.

Kwenye maziko Mama Koku alisimama hapa, karibu na migomba hii, akasema ulikuwa mtumishi mwaminifu. Kisha nikamsikia akimnong'oneza Deo, "Isipokuwa ile siku moja." Maneno hayo ndiyo yanayonitoa usingizini tangu hapo.

Jana nilikwenda. Nilivaa gauni la shule kwa sababu sina lingine la heshima. Nikasimama mbele ya meza yake, nikasema shikamoo, halafu nikasema yote, bila kupumzika, nikitazama miguu yake isiyo na viatu. Nilipofika kwenye mkia wa B nilishindwa, nikachukua penseli nikamchorea.

Aliutazama ule mkia. Kisha akasema, polepole, "Nilimnyang'anya mtu kazi yake, na wewe ulikuwa unanimiminia chai."

"Ndiyo, Mama."

"Na akakubali."

"Ndiyo, Mama."

Akavaa viatu vyake. Akaenda kabatini akaleta lile daftari na kalamu nyekundu. Akanionyesha mahali. Nikapiga mstari juu ya namba, nikapiga mstari juu ya B.N., nikaandika haikupimwa, na pembeni nikaweka S.K., herufi zangu, mara ya kwanza. Ni mwandiko mbaya kuliko wote kwenye ukurasa ule.

Barua yako ya onyo amesema hawezi kuichana, imeshaingia kwenye faili. Ataandika nyingine ikae juu yake, ili atakayefungua faili aanze na hiyo. Kuhusu mimi alisema, "Jumatatu uje. Sijui nitakuambia nini." Sikumwomba chochote. Mzee wa Nyabusozi alikuwa mlangoni, amesikia, akavua kofia yake nilipopita. Sijui maana yake.

Mjomba, ulikosea jambo moja. Mstari ni aibu. Ila ni aibu ya siku moja, na mimi nilichagua ile ya kila siku.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mpimaji, hilo liko kwa Mama Koku. Nakuahidi hili: popote nitakapowekwa, hata kama ni kuhesabu mikungu ya ndizi ya mama, sitaandika nisichokiona, na sitaweka herufi za mtu mwingine penye zangu. Yule mwanamke nikikutana naye njiani, nitafungua mdomo nimsalimie mimi kwanza.

Lala, Mjomba. Asubuhi hii mvua imenyesha hapa Ntobeye, udongo juu yako umelowa na kutulia. Najua ungeuliza wamepata ngapi.

Sijui. Sijapima.

Mpwa wako,
Skolastika