Mashine Iliyoombewa

Jumatatu, 3 Machi

Leo mashine imepona! Sitanii. Kwenye sala ya asubuhi, kabla ya kazi, Mzee wa Kanisa alisimama mbele ya idara zote akatoa ushuhuda. Huyu ndiye mkuu wetu wa chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji. Cheo chake cha kazini hakuna anayekitumia, cha kanisani ndicho kilichomganda. Alisema mashine ya mvuke ilikuwa inapiga miluzi mlangoni mwezi mzima, fundi kaagiza mpira mpya wa mlango, mpira hauji. Ijumaa akaiwekea mikono akaiombea. Miluzi ikakoma papo hapo!

Tukaitika Amina. Mimi nilipaza kuliko wote, maana mimi ndiye ninayesimama nayo kutwa, hadi hospitali nzima wananiita Mama Mvuke.

Siku nzuri. Mizigo sita, yote imeiva. Ndivyo tusemavyo huku kwetu. Utepe wa nje ya kifurushi ukitoka na mistari myeusi, basi kimeiva, kinapanda juu kwa madaktari.

Jumanne, 4 Machi

Nimeangusha kifurushi. Kikianguka hupikwa upya, ndiyo sheria, basi nikakifungua. Utepe wa nje mweusi tii. Ndani, katikati ya mikasi na koleo, tunaweka kikaratasi cha njano. Mvuke ukikifikia kinakuwa cheusi. Hiki — njano! Njano kama kilivyotoka kwenye boksi.

Nikafungua cha pili. Njano. Cha tatu kona moja tu imeanza kubadilika. Nje imeiva, ndani mbichi, na vitu hivi vinaingia matumboni mwa watu.

Nikampelekea Mzee. Akakitazama, akakikunja, akakitia mfukoni. Ati boksi hili ni bovu. Nikamwambia boksi ni lile lile la mwezi uliopita. Akaniangalia kwa huruma. "Mama Mvuke, si jana tu ulisema Amina?"

Sikujibu. Ndivyo nilivyo. Mtu akinikazia macho kidogo, ulimi unalala. Kwaya naimba sauti ya kwanza, lakini fundi cherehani akinibana kwapa navaa hivyo hivyo mpaka nguo ichanike yenyewe. Mwoga wa kuzaliwa!

Jumatano, 5 Machi

Fundi kapita wakati Mzee yuko mkutanoni. Kapiga magoti, kapitisha kidole mlangoni, kacheka bila furaha. Miluzi imekoma kwa sababu mpira umekwisha kabisa, anasema. Ulikuwa unalia ulipokuwa bado umebaki kidogo. Sasa mvuke unapita chini kimya kimya.

Kumbe mashine haikupona. Ilikata roho!

Na Mzee anajua. Fundi alimwambia tangu jana mchana. Mzee kamsihi asubiri, maana ameshawaambia wakubwa kwamba imepona, na kwa njia gani.

Nikamtoa Bibi stoo. Bibi ni chungu chetu cha zamani cha mvuke, kifupi, kinene, kinameza vifurushi viwili tu kwa mara moja na kinachukua muda wake. Lakini mpira wake mzima. Nikapika viwili, nikafungua kimoja — kikaratasi cheusi mpaka nikataka kukibusu.

Mzee akarudi. Akaja juu. Bibi anafanya nini hapa nje? Watu wakimwona watasema nini kuhusu ushuhuda? Kisha akashusha sauti, ile ya ibada. "Mtegemee Mungu, mama. Hofu ni dhambi."

Hapo ndipo nilipoudhika. Hofu yangu naijua, nimekaa nayo miaka arobaini na mbili, nalala nayo, naamka nayo. Hii haikuwa hofu. Hii ilikuwa macho.

Lakini Bibi sikumzima. Seti zote za dharura nitazipika humo, atake asitake. Mwenye dharura hana muda wa kungoja mpira.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilimwandikia mkubwa wa hospitali barua kuhusu vikaratasi na mpira, leo imerudi. Katibu wake kaandika juu kwa penseli: ipitie kwa mkuu wako wa kitengo. Mkuu wangu wa kitengo ndiye niliyemwandikia habari zake! Nikacheka peke yangu stoo mpaka nikalia.

Jumapili, 9 Machi

Katoa ushuhuda tena. Safari hii kanisani, na umeongezeka. Sasa mashine ilitetemeka alipoigusa. Kanisa zima Amina. Mimi niliifungia meno. Kimya changu nilikisikia mwenyewe.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akanipiga kiwiko. Ana haki ya kushangaa. Alhamisi anaondolewa uvimbe wa tumboni, tarehe ameingoja tangu mwaka jana, na wa kwanza kwenye orodha ni yeye. Baada ya ibada Mzee akamshika mikono akamwombea asiogope. Wifi akatoka pale anang'aa.

Nikajaribu kumwambia uani. Nilianza kwa mbali — mashine, mpira — akanikata kauli. "Wifi, usiniletee mambo ya kazini kwenu hapa. Nimeombewa mimi. Acha nifurahi hata siku nne."

Nikaacha. Mwoga!

Bwana, nimekasirika. Nimemkasirikia mtumishi wako, na kusema kweli nimekukasirikia na wewe kidogo. Jina lako linabandikwa juu ya chombo kibichi na wewe umenyamaza. Au unangoja mimi niseme? Kama ni hivyo umechagua vibaya. Lakini nasikia.

Jumatatu, 10 Machi

Daftari la mashine lina safu moja mwishoni: imeiva, haijaiva, sahihi. Leo Mzee alisimama pembeni yangu anangoja nitie sahihi.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaandika HAIJAIVA. Mzigo wa kwanza mpaka wa sita, HAIJAIVA mara sita, na herufi zinapanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea. Lakini zinasomeka!

Akasema polepole kwamba huko kwenye kufulia mashuka kuna nafasi, mtu akichoka na mvuke. Nikasema, "Basi nitafua." Nani alisema? Mdomo wangu huu huu! Akakata maneno yangu kwa rula, mstari ulionyooka kabisa, akaandika imeiva, akatia sahihi yake.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza mume wangu yote, asubuhi wakati anafunga viatu. Akabaki na kamba mkononi. Dada yake ndiye aliyemlea, akasema, namba zake za kwanza alifundishwa naye. Kisha akapata akili ya haraka. Si nichemshe seti ya dada kwenye Bibi, ninyamaze? "Hao wengine tumwachie Mungu, mke wangu."

Nilikwenda kazini na neno hilo. Nikaishika seti ya wifi mikononi. Bibi tayari anachemka. Nani angejua? Wifi angepona, mume angefurahi, Mzee angebaki na muujiza wake na mimi ningebaki na kazi yangu. Nilisimama pale muda mrefu, nakiri.

Kisha nikatazama orodha ukutani. Wako watano. Wa pili dereva mwenye ngiri. Wa tatu mama wa mapacha. Wa nne mwalimu. Wa tano msichana wa miaka kumi na tisa, nyonga. Hao wengine tumwachie Mungu — utadhani Mungu ni stoo ya kutupia watu tusiowajua!

Nikairudisha seti rafuni. Sitapika ya wifi peke yake. Kama ni Bibi, Bibi apike za wote watano, na orodha isogezwe, na kila mtu ajue kwa nini. Nikamwambia Mzee hivyo, uso kwa uso. Akasema orodha haisogezwi. Nikasema basi nitapanda juu mwenyewe. Akacheka. Anajua sijawahi kupanda juu bila kuitwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga na kuomba. Nimeogopa kutwa nzima. Chooni nimekwenda mara saba.

Ile amani wanayoisimulia sijaipata. Nimepata hasira. Nitatumia hiyo hiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Niandike haraka.

Saa mbili kasoro Mzee mwenyewe kasukuma toroli la vifurushi kwenye lifti. Mimi nikashika ngazi. Kwenye kona ya pili nilisimama. Nikashika ukuta. Nikasema, Bwana, ujasiri sina, nina miguu tu, ichukue. Miguu ikapanda. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Hofu haikuondoka, tulipanda nayo, lakini haikuwa ndiyo inayoongoza.

Huku juu kuna mstari mwekundu sakafuni, ukiuvuka na ndala za chini unafukuzwa. Sikuuvuka. Nikasimama vidole kwenye mstari nikatoa sauti ya kwaya, yote! "Daktari! Fungua kifurushi kimoja usome cha ndani! Vyote ni vibichi!"

Korido nzima ikageuka. Sista wa upasuaji akanijia mikono mbele anataka kunisukuma. Daktari akatoka, viganja vimeinuliwa, maji yanamchuruzika viwikoni. Akauliza huyu nani. Sista akasema ni wa mvuke. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia mimi niliona tarehe nne, kabla ya hapo sijui, isipokuwa zile za dharura, hizo nimezipika kwenye Bibi. Hakuuliza Bibi ni nani. Akatazama vifurushi, akanitazama mimi, akasema hakuna anayeingia mpaka vifunguliwe vyote, na yule mama akae pale. Yule mama ni mimi. Nimekaa.

Wifi yuko mbele yangu kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani, kofia ya karatasi. Macho yanawaka. Nimemwaibisha, anasema. Mwaka mzima anangoja, na mimi nakuja kupiga kelele kama mnadani! Safari hii sikunyamaza. Nikamwambia yote bila kupumua. Kikaratasi, mpira, daftari, rula. Nikamwambia na la mdogo wake, mume wangu, kwamba tungeweza kumpikia yeye peke yake na sikufanya. Kwa hilo nilifikiri atanitemea mate.

Kavua ile kofia ya karatasi, kaishika kifuani mwake.

Na Mzee amekuja. Amekaa mwisho wa benchi hili hili, tumeachana nafasi ya mtu mmoja. Ndani nasikia vifurushi vinachanwa, kimoja baada ya kingine. Hakuna anayesema kitu huko ndani, na hilo peke yake linaniambia rangi gani wanaiona. Mzee naye anasikia. Shati limemganda mgongoni.

Sasa hivi ameinama mbele akamwambia wifi, kwa ile sauti yake, "Usiogope, dada. Tumtegemee Mungu tu."

Wifi akajiinua kwa kiwiko. Hakupandisha sauti. "Mzee, ingekuwa wewe ndiye umelala hapa, ungeingia humo?"

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Anatazama viganja vyake, vile vile alivyoiwekea mashine. Ningependa kufurahi na sifurahi. Naujua huo ulimi uliolala, nimekaa nao maisha yangu yote. Nimesogea kwenye ile nafasi iliyokuwa katikati yetu.

Mlango unafunguliwa. Sista anatoka na kisahani mkononi, kimejaa vikaratasi vya njano. Wifi hajageuka hata kumtazama. Bado macho yake yako kwa Mzee, anangoja jibu.