Rangi Iliyotoka na Selotepu

Mdogo wangu,

Jumamosi iliyopita sikuisikia shikamoo yako. Nimekupigia mpaka nimechoka, simu haipatikani. Barua hii nampa dereva wa basi la Kabwe. Wewe huko ziwani unajulikana, hata akikukosa wewe atampata wa kumwachia.

Unaikumbuka siku uliyolileta lile gari? Ilikuwa mchana, upepo wa kwetu huu umeamka na vumbi, ukapiga honi mbele ya kibanda changu cha kushonea pale Majengo. Ukashuka unacheka, ukanikabidhi funguo. Gari jeupe, linang'aa mpaka mafundi wenzangu wakaacha cherehani. Mimi nikatoka na kanga nilifute vumbi, ukanidaka mkono.

"Dada, usifute vumbi kavu! Hapo unaisugua rangi na mchanga."

Ulinishika kwa nguvu hata nikashangaa, kisha nikakucheka. Nilikucheka kwa sababu nakujua. Tangu mama afariki ni mimi niliyekufulia, na kila Ijumaa ulirudi kutoka shule shati halina vifungo. Baiskeli ya baba uliiacha kwenye tope siku mbili, ukamwambia imechoka. Leo wewe ndiye wa kunifundisha utunzaji! Niliona umekuwa mtu mzima, nikafurahi sana.

Kesho yake ukanifundisha asubuhi nzima nyuma ya nyumba. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Kwanza maji matupu ya kuondoa vumbi. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Anza juu, malizia chini. Sabuni ya unga marufuku, mashine ya presha marufuku kabisa. Ukaushe kwa taulo laini, bila kusugua. Nilikuuliza kwa nini nisimwagie maji kwenye buti, nako kulikuwa na vumbi. Ukasema zulia la humo umebadilisha, ni jipya, niliache.

Nilikuuliza pia habari ya kadi ya gari, ukasema iko kwa mtu, utaniletea. Na lile jina ANNA lililochorwa kwa msumari kwenye plastiki ya mlango wa nyuma, chini ya kitasa, ukasema ni utundu wa watoto wa mwenye gari wa kwanza. Nikaridhika. Wewe ukisema kitu mimi huwa naridhika, ndiyo tabia yangu mbaya.

Basi mwaka mzima kila Jumamosi unapiga simu. "Shikamoo dada. Umeliosha? Kwa mkono? Kivulini?" Nakujibu marahaba, ndiyo, ndiyo, halafu nakutania kwamba gari lina mume kuliko mimi. Kumbe nilizipenda zile simu. Nilikuwa nawaambia watu mdogo wangu ananikumbuka.

Sasa nikwambie kilichotokea, maana nilikwambia nusu tu. Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake kule Kasense, akaomba gari la kumbeba bibi harusi. Nilijua ungekataa, nikakubali. Wakati mimi navaa, vijana wakalipamba, na maua ya kwenye boneti wakayabandika kwa selotepu pana, ile ya kahawia. Tuliporudi kutoka kanisani nikaanza kuibandua taratibu. Ikatoka na rangi. Ilichunika kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake gari lilikuwa la kijani.

Karibu yangu alisimama mama mmoja wa upande wa bwana harusi, mgeni kutoka Mbeya, ana sahani ya pilau mkononi. Aliutazama ule ukijani, akaiweka sahani chini. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akapitisha kidole chini ya kitasa.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Nilimchapa kwa kuchora hapa."

Kisha akaniambia mumewe aliondoka na gari hilo kwenda Kabwe kununua dagaa. Huu ni mwaka wa pili.

Nilikupigia palepale. Nikakwambia rangi imetoka. Nilidhani utanigombeza, na ningeshukuru ungenigombeza. Hukuuliza imetoka kiasi gani. Uliuliza, "Nani ameona?" Ukakata.

Gari liko nyuma ya nyumba, nimelifunika turubai. Upepo ukilipiga nashtuka, nadhani kuna mtu anashuka. Kwenye buti sijafungua na sitafungua. Naiangalia mikono yangu iliyoliosha mwaka mzima kwa upole namna ile, naogopa kuwamegea nayo wanangu ugali. Nilikuwa nakufichia kitu bila kujua, mdogo wangu, na wewe ulijua nakufichia.

Juzi yule mama alikuja kibandani. Nilimpa chai, hakuinywa. Akauliza gari nimelipata kwa nani. Niseme kweli, uongo ulikuwa umeshafika mdomoni: nililinunua mnadani, simjui aliyeuza. Angeniamini, ana uso wa mtu anayeamini. Nikamwona anavyokishika kile kikombe kwa mikono miwili, anangoja. Nikamtajia jina lako lote, na la baba, na mwalo wa wavuvi unakokaa. Nililia mbele yake, yeye hakulia.

Nilidhani atakimbilia polisi mchana uleule. Amesema polisi atakwenda Jumatatu, na mimi nitakwenda naye. Gari hataki. Hata wewe, alisema, hana haja ya kukuona. Ana mtoto anayemuuliza kila siku baba anarudi lini, na wakwe waliokataa kuweka msiba kwa sababu hakuna aliyeona mwili.

Najua ukiisoma hii utakuwa umeshafunga mizigo, na ng'ambo ya ziwa si mbali. Sikuzuii, sina nguvu hizo. Lakini kabla hujapanda boti, mwambie mtu yeyote aniletee neno moja tu, nikamwambie mwenzangu huyu. Umemweka wapi?

Dada yako, niliyekulea.