Jiwe Ulilolisaga, Tata

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Sijui kama huko mnaamkiana, lakini siwezi kuanza na neno jingine.

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike hapa Turwa, na bado sijui nicheke au nikukasirikie. Shimo lenu la dhahabu sasa lina vijana wa Singida. Mzee Marwa, mwenzako wa kuchimba, alitusimulia matangani habari ya jiwe langu, watu wakacheka mpaka basi. Nami nilicheka, halafu nikalia nikashindwa kunyamaza.

Unalikumbuka, lile jeusi, dogo kama kifuniko cha soda. Nililipika mwenyewe kwenye tanuri la maabara, Dar, baada ya mengine mengi kuharibika. Likipozwa sana hupitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo, na ukiweka sumaku juu yake, sumaku inaelea. Lakini baridi ile haibebeki kwenye basi la Tarime, kwa hiyo nilikuletea jiwe tupu. Ukaligeuzageuza, ukauliza, "Sasa hili lina nini?" Nami kwa maringo yangu nikajibu, "Tata, hili lina thamani kuliko dhahabu yenu yote." Nikaliacha kwenye mkebe wa majani ya chai, nikaenda Mugumu kumsalimia shangazi.

Nani humwambia mchimbaji maneno hayo halafu akaondoka? Mzee Marwa anasema asubuhi ileile ulilipeleka karasha, likasagwa, ukaliosha kwenye karai, ukatia zebaki ya kunasia dhahabu. Zebaki haikushika kitu. Ukakaa chini, ukasema, "Marwa, mtoto wangu wamemdanganya huko."

Niliporudi ukaniambia labda panya wamelibeba. Wewe, ambaye hukuwahi kunidanganya! Nililia sana, maana lilikuwa moja tu, na mpaka leo sijapata jingine zuri kama lile. Kuanzia hapo kila ukipiga simu ni, "Bhoke, rudi. Shamba lipo." Nilidhani unanidharau. Simu ya mwisho nikakujibu, "Wewe unajua mashimo tu," nikakata.

Nisamehe, Tata. Kumbe ulikuwa unanihurumia. Au ulikuwa unaona aibu kwa ajili yangu? Sielewi. Kwa nini hukuniuliza tu? Na mimi, kwa nini sikukuuliza? Nazunguka na maswali haya uani, Mama ananitazama na kutikisa kichwa.

Jana Mzee Marwa alinipa chupa yako ya zebaki, nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Kitu cha kwanza kabisa ambacho wataalamu walikiona kikipitisha umeme bila kuupoteza ni zebaki iliyopozwa sana. Hiihii, Tata. Ulikuwa nayo mfukoni miaka yote, na mimi nikasema unajua mashimo tu.

Kesho narudi Dar. Chupa naondoka nayo.

Kwaheri, Tata. Nitapika jingine, hata likinichukua miaka. Likikubali, sitalileta hapa jiwe tupu. Nitamchukua Mzee Marwa mpaka maabara, aione sumaku ikielea kwa macho yake mwenyewe. Yeye ulimwamini siku zote. Akirudi, nitamwomba aje hapo kaburini akuambie kwamba mtoto wako hawakumdanganya.

Binti yako,
Bhoke