Zaina na Meza za Baba Mdogo

Bwiza, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa Dada Zaina. Kifua chako kimetulia? Na yule jirani, bado anamwaga maji machafu mlangoni petu? Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu Baba Mdogo huketi karibu, na unanijua: mtu akiniangalia, maneno yananikauka.

Hebu nikueleze shemeji yako alivyo kazini. Anaongoza shirika la kuwafundisha vipofu kazi, na watu humwita Bwana Rais. Kwa hotuba hana mpinzani. Wageni wakija na kamera, anawavisha wanafunzi wote miwani myeusi. Juma, ambaye huona kidogo, akiivaa ndipo haoni kitu kabisa. "Inapendeza kwa picha," anasema Baba Mdogo.

Wiki hii meneja wa hoteli moja alikuja kutafuta mtu wa kupokea simu. Dada amejifunza kazi hiyo vizuri, na katika chumba cha mafunzo hutembea bila fimbo, kama wewe jikoni kwako. Chumba kile kina sheria moja, aliyoiweka mwalimu wao, ambaye naye haoni: anayesogeza kitu, atangaze. Hata mfagiaji anaijua.

Bwana Rais haijui. Asubuhi ile, wanafunzi wakiwa uani, aliingia akapanga meza kwa duara, kama za mkutano, na maua ya plastiki juu yake. Nikamwambia, "Baba Mdogo, hawajaambiwa." Akanijibu, "We, enda usome vitabu vyako."

Meneja akaketi, Dada akaitwa. Aliingia kwa mwendo wake wa kila siku, akajigonga paja, akaangukia maua, simu ikadondoka. Baba Mdogo akacheka kidogo, bila haya: "Mumusamehe, madamu. Munaona mwenyewe, hawa ni watu wa kuhurumia."

Zaina akainuka. "Baba Mudogo, nani amehamisha meza?"

"Zaina, heshima! Kuna mugeni."

"Mugeni namuheshimu. Mi nauliza meza."

Meneja ndiye aliyesema, "Kwani zilikuwa wapi?"

"Ya simu ilikuwa pale, karibu na dirisha. Muirudishe, halafu munipigie."

Juma, aliyekuwa mlangoni na miwani yake ya picha, akaivua kwanza, ndipo akaweza kuibeba meza. Meneja akapiga kwa simu yake ya mkononi, akijifanya mteja mkali aliyepotelewa na sanduku. Dada akambembeleza mpaka mwenyewe akacheka. "Njoo Jumatatu," akasema, "uzizoee ngazi zetu."

Ungedhani Baba Mdogo alifurahi. Apana! Gari la meneja halijafika hata barabarani, akasema Dada hajawa tayari, abaki mwaka mwingine. Hajawa tayari! Yeye ndiye anayesimamishwa mbele ya kila mgeni kwa kuwa anazungumza vizuri. Akiondoka, Bwana Rais ataonyesha nini? Sasa anasema wewe ulimkabidhi Dada, kwa hiyo bila neno lako hatoki. Atakupigia. Atasema kwa upole, atamtaja marehemu Baba, atataja magari, ngazi na wanaume. Usimkubalie.

Nilimuuliza Dada itakuwaje ukikubaliana na Baba Mdogo. Alikuwa anapiga pasi blauzi. "Nitaenda," akasema, "lakini sitaki kutoka hapa kama mutoro. Nataka Mama aseme."

Barua hii anakuja nayo Mama Rehema, yule anayevuka mpaka wa Gatumba na vitenge vya kuuza. Mpe maji anywe. Msalimie Bibi, Mjomba fundi baiskeli, na mdogo wetu Saidi. Mwambie vitabu vyangu si vya kufungia karanga.

Najua Baba Mdogo ndiye anayenisomesha, na akijua nimeandika haya huenda nikarudi Uvira na mizigo yangu. Nimeshalifikiria hilo. Mpigie Dada kabla ya Jumatatu, umwambie aende.

Ni mimi binti yako,
Mwamini