Mdogo Wangu Anakula Peke Yake

29 Julai 1984

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nimeahidi moyoni kwamba leo nitakueleza yote, hata yale niliyoombwa nisiyaseme, kwa sababu bila hayo hutaweza kunisaidia.

Mimi ni mwanafunzi wa bweni, kidato cha pili, kwetu ni Maretadu ingawa tunaishi Hanang katika kambi ya shamba kubwa la ngano, ambako baba anaendesha kombaini. Nina mdogo wangu, Imakulata, yuko darasa la saba na Septemba atafanya mtihani, na nasema kwa fahari kwamba hakuna mtoto kambini anayemshinda hesabu, hata baba akitaka kujua eneo fulani litatoa magunia mangapi humwuliza yeye kwanza, na madereva wenzake humwambia baba wakicheka, "Akonaay, huyu binti mpeleke ofisini, meneja apumzike."

Wakati wa masika, mimi nikiwa shuleni, surua iliingia kambini, ikampata Imakulata, akapona, kisha ikampata mtoto wetu wa mwisho, Bura, aliyekuwa bado anatambaa, akafariki. Alizikwa Maretadu, na bibi akataka watu wa nyumba yetu wakae metimani, yaani wajitenge kama wazee wetu wa Kiiraqw wafanyavyo mtoto akifa, wasisalimiane na watu, wasichote maji pamoja na wengine, wale katika vyombo vyao tu. Baba alisema sisi ni Wakristo, bibi akamjibu, "Padri amemaliza yake, nami niacheni nimalize yangu." Muda ulipokwisha bibi akawatoa, wakarudi kambini.

Nilipokuja likizo ya Juni nikakuta kila mtu anamsifu Imakulata. Mama aliwaambia majirani, "Huyu wangu ana adabu, hana kelele, anajua kuheshimu msiba," nami nikajivuna pamoja naye. Baadaye nikaona kwamba anachota maji wote wakishaondoka, kikombe chake anakiweka nje nyuma ya jiko, mtoto wa jirani akimkimbilia anageuka na kwenda zake, hesabu za baba hajibu tena, na mwalimu wake anasema amehamia dawati la nyuma peke yake kwa maringo.

Siku moja nikamega ugali katika sahani yake. Akanishika mkono.

"Dada, tema."

"Niteme kwa nini? Si ugali wa mama huu?"

"Tema, utakufa. Mimi ndiye niliyemuua Bura. Nilimlisha uji kwa kijiko changu."

Nikameza. "Haya, nimeshameza. Tukae hapa tungoje nife."

Tukakaa. Alinitazama sana, halafu akasema, "Dada, wewe ni mjinga kweli," akacheka kidogo, kisha akalia mpaka kanga yangu ikalowa.

Tangu siku hiyo alikula nami, lakini mimi tu, na aliniapisha nisimwambie mama kwa kuwa mama akijua atamchukia. Najivunia kwamba alinichagua mimi, na kwa kuwa alicheka natumaini atapona, ila sasa nimerudi shuleni na sijui anakula na nani. Naomba unijibu katika gazeti lijalo: nimwambie mama na kuvunja kiapo, au ninyamaze?

Zita

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Zita.

Mwambie mama. Sasa sikiliza namna ya kumwambia.

Kwanza niwagombeze wakubwa wa nyumbani kwenu, na wewe kidogo. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akinyamaza miezi mizima, mnamsifu kwa adabu? Bibi yenu aliitoa nyumba metimani, lakini hakuna aliyemwuliza Imakulata kama naye ametoka.

Usiende kwa mama kwa siri. Mwambie mdogo wako, "Nitamweleza mama, nawe utakuwepo." Atakasirika. Vumilia. Mama akilia, Imakulata asitolewe nje. Abaki, aone kwamba mama anamlilia Bura na bado anamkumbatia yeye. Surua hupita hewani, kwa pumzi na kikohozi, na kambi nzima ilikuwa nayo. Hata kama Bura aliipata kwake, kuugua si kosa la mtoto. Atauliza hilo tena na tena. Mjibuni kila mara, bila kuchoka na bila kumwambia asahau.

Kisha apelekwe kwa bibi. Aliyewaweka metimani ndiye amtoe huyu mmoja, amtaje kwa jina, amwambie kwa Kiiraqw kwamba yamekwisha. Neno hilo kwa mdomo wangu halitakuwa na uzito kama kwa mdomo wa bibi. Mwalimu naye aelezwe faraghani, aache kusema maringo. Na akikosa usingizi, akikataa chakula, au akisema anataka kumfuata Bura, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe ukweli wote.

Wewe, binti, jivune. Ulikaa na mdogo wako pale ambapo wakubwa walipita tu. Lakini nawe ni mtoto, na huwezi kuwa mtu pekee duniani anayekula naye. Mwonyeshe mkuu wa shule gazeti hili, omba ruhusa, uende nyumbani Ijumaa hii. Likizo ya Desemba ni mbali mno.