Ovaroli Nyekundu ya Veldoro

Jumanne, 3 Septemba 2024

Leo nimemchezea mtu wa kampuni na hakushtuka. Niandike kabla kicheko hakijaisha.

Tanga nzima hakuna anayechonga tairi kunizidi. Si majigambo, ni taarifa. Nipe tairi kipara linalong'aa kama kichwa cha mwalimu wangu wa hesabu, nipe kisu changu nikipashe moto – linarudi na kashata nzito, yale meno yake, kama limetoka kiwandani. Napaka dawa ya viatu, kwisha. Kesho yake hata mimi mwenyewe sijui lipi la kweli. Na kidato cha pili sikumaliza. Shule iliona haya.

Sasa duka letu la matairi hapa Makorora linakuwa la Veldoro, kampuni kubwa ya ng'ambo. Mzee Mselem, bosi wangu, kapaka ukuta rangi nyekundu na kuweka rafu ya matairi mapya mbele. Dada Suhaila wa kampuni kaja kutoka Dar kutufunza mpaka Jumapili. Basi nikachukua vipara viwili vya Veldoro nilivyovichonga, nikabandika vibandiko vya kampuni, nikavisimamisha rafuni, mwanzo kabisa. Nione kama atagundua.

Dada akavipiga kofi. "Haya ndiyo matairi, bwana." Nikakimbilia chooni kucheka.

Nitavitoa akishaondoka.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimevaa ovaroli! Nyekundu, jina la Veldoro mgongoni. Nimepita nayo Nguvumali, njia isiyo yangu, ili wanione.

Na historia ya kampuni naijua yote, dada katugawia kijitabu. Ilianzia kwenye zizi la ng'ombe, ndugu wawili wakitengeneza mipira ya baiskeli. Vita vikaja – wakawauzia wanajeshi, pande zote mbili. Wakanunua mashamba ya mpira, kisha wakawanunua na wapinzani wao, mmoja mmoja. Mwaka fulani yule kaka mkubwa alichoma shehena nzima mbele ya wateja kwa sababu tairi moja lilikuwa na kasoro. Dada Suhaila anasema utajiri ulianzia kwenye moshi ule: watu hawanunui mpira, wananunua jina.

Mchana nikamsomea yote Yussuf, jirani yetu mwenye gari ya Noah. Akasema kumbe na wewe una kichwa.

Alasiri dada akapasua tairi la kuchonga, akatuonyesha ndani. Chini ya kashata kuna mpira mwembamba, chini yake waya. Ukichonga, unaula ule mwembamba. Maji yanaingia, waya zinaoza. Likipata joto na mwendo linapasuka bila kuaga. Akasema duka likikutwa linachonga, jina linang'olewa ukutani siku hiyohiyo. Mzee Mselem akaniangalia. Nikaangalia dari.

Sikuwaza kitu mpaka nilipofika nyumbani. Mama anakunja kanga: Jumamosi Yussuf anampeleka Pangani kumchukua dada yangu Mwamvua. Mimba ya kwanza, sharti ajifungulie kwetu. Tumbo limeshashuka.

Matairi ya nyuma ya Noah ya Yussuf nilichonga mimi. Mwezi uliopita. Waya zilikuwa zinachungulia, nikazipaka dawa ya viatu.

Chakula kimenishinda. Wali wa nazi – mimi!

Ijumaa, 6 Septemba

Asubuhi nimemwambia Yussuf matairi yake ya nyuma mabovu, asisafiri nayo. Kacheka mpaka kakohoa. Kosa langu. Mwezi wa Ramadhani nilimpigia simu nikamwambia Noah inaungua, akatoka mbio peku, futari mdomoni. "Hilal, safari hii hunipati."

Nikampigia Mwamvua. Nikamwambia usipande gari ya Yussuf.

"Nipande nini, punda? Na tumbo hili?" Akasema mtoto anarusha teke akisikia sauti yangu, labda naye keshanichoka.

Liko neno moja la kuwafanya waamini: nimechonga mimi, na waya niliziona. Lakini neno hilo halikai kwa Yussuf. Litafika kwa dada Suhaila. Jina litoke ukutani, Mzee Mselem abaki na rangi nyekundu, mimi nirudi kuziba pancha za baiskeli. Yule kaka wa zizini alichoma shehena, sawa. Alikuwa nayo ya kuchoma.

Basi nikafikiri kama Hilal. Khutba inaendelea, Yussuf yuko ndani, Noah iko nyuma ya msikiti. Kisu changu kilekile. Mawili ya nyuma, ubavuni, mpaka yakakaa chini kama mbwa. Sijasali. Mungu atanielewa, au hatanielewa, lakini Mwamvua hapandi juu ya yale.

Kazini sikurudi. Nimejificha kwa shangazi mpaka magharibi. Leo nitalala.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeamka, mama hayupo. Buibui lake halipo msumarini. Nikajua Yussuf kapata matairi mengine, mazima, alhamdulillahi. Nikaja kazini napiga mluzi.

Rafu ya mbele ina pengo.

Mzee Mselem kafurahi. Yussuf alikuja jana alasiri karibu alie, wahuni wamemtoboa. "Nikamfungia mapya. Mteja wetu wa kwanza wa Veldoro."

Yapi, mzee?

"Yale ya mwanzo. Yale aliyoyasifu dada."

Nimemwambia yote, mpaka vibandiko. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Kakaa juu ya rimu, kasema taratibu, "Mimi nilisoma jina tu, mwanangu."

Nikampigia Yussuf. Wako Pangani, wanapakia mizigo, wanageuza sasa hivi. Nikasema hayo matairi nimechonga mimi, wallahi, usiondoke.

"Jana ya zamani mabovu, leo mapya mabovu. Si wewe uliyenisomea? Zizi la ng'ombe, kasoro moja wanachoma shehena. Kampuni ya namna hiyo ndiyo inidanganye, wewe Hilal ndiyo mkweli? Lami mpya, tairi mpya, dogo, naruka tu. Na aliyenitoboa msikitini nikimjua –" Akakata. Mzee Mselem kapiga kwa simu yake: ya Yussuf haipatikani. Mama simu kaiacha nyumbani. Mwamvua kapokea, kasema Yussuf keshamwambia, nipunguze mizaha, mgongo unamuuma. Nimepiga tena, hapokei.

Sasa niko Kigombe, kando ya lami. Mzee kanipa pikipiki yake. Lazima wapite hapa wakirudi. Naandika kati ya gari na gari.

Sikuja na kitambaa cha kusimamisha gari. Nimevua ovaroli, nyekundu inaonekana mbali, nimebaki na kaptula. Kila Noah nyeupe kama ya Yussuf naruka barabarani, napunga, Veldoro inacheza hewani. Hakuna anayesimama. Wanapiga honi, wanacheka. Mmoja kapunguza mwendo, katoa kichwa, kauliza tunatoa ofa gani.

Wanadhani ni tangazo.

Jua kali. Lami inachemka, naisikia kupitia ndala. Nyeupe nyingine inatokea kule, haraka. Ni Yussuf, katoa mkono dirishani, ananipungia kabla hata sijasimama –